Mtoto na Rika Lake: Maswali Ambayo Wazazi Huuliza Mara kwa Mara

Neno "makundi" limechafuka. Mzazi akilisikia anawaza bangi, kijiwe na kesi polisi. Lakini wenzake mtoto ni sehemu ya malezi yake, na wana kazi ambayo baba na mama hawaiwezi hata wakiitaka. Mzazi hana haja ya kushindana nao. Ana haja ya kujua ni akina nani, wanakutana wapi na wanacheka nini.

Kundi rika ni nini hasa?

Ni watoto wa umri unaokaribiana wanaokutana mara kwa mara na kuhesabiana kuwa wenzao: timu ya chandimu ya mtaani, wasichana wanaosukana barazani kila Jumapili, wanaokwenda madrasa njia moja. Darasa zima si kundi rika. Ndani ya darasa moja mna makundi kadhaa, na wapo watoto wasiokuwemo katika hata moja.

Tofauti yake kubwa na familia ni kwamba kundini hakuna mwenye amri. Nyumbani mtoto huambiwa. Kundini inabidi abembeleze, abishane, akubali kushindwa, au achukue mpira wake aondoke. Mwanasaikolojia Mswisi Jean Piaget, katika kazi aliyoichapisha 1932, aliwafuatilia watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi. Wadogo walidhani sheria za mchezo zimetoka kwa wakubwa na hazigusiki. Walipofika miaka 10 hadi 12 walikuwa wameshang'amua kwamba sheria ni mapatano, na wakikubaliana wote wanaweza kuzibadilisha. Piaget aliona kwamba jambo hilo mtoto halipati kwa kuhubiriwa, hulipata kwa kubishana na mtu anayelingana naye. Kwa hiyo ukisikia wanagombana nje kama mpira wa rede ulimgusa mtu au haukumgusa, usikimbilie kutoka kuwaamulia. Wapo darasani.

Je, haya si mambo ya kuletwa? Mababu walijua kundi rika?

Walilijua kuliko sisi. Pwani kuna hirimu, Wakikuyu wana riika, na Wamaasai wamejenga utawala wao wote juu yake: vijana wanaotahiriwa katika kipindi kimoja wanakuwa rika moja hadi kufa, na katika umorani kijana haruhusiwi kula peke yake, lazima awe na wenzake.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Wanyakyusa wa Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa huko miaka ya 1930, walikuta wavulana wa miaka 10 au 11 wakiondoka nyumba za baba zao na kuanza kujenga vibanda vyao pembeni, kijiji cha rika moja ambacho kingekua nao hadi waoe na kulea humohumo. Walilala huko, lakini kula walikula kwa mama zao, na hawakwenda mmoja mmoja: kundi zima lilizunguka, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Ndani ya kijiji hicho walifundishana *ukwangala*, yaani kukaa pamoja kwa raha, kula pamoja, kuzungumza, kufanyiana adabu. Mtu mzima asiyejua kukaa na wenzake alionekana hakulelewa.

Angalia mpango wenyewe ulivyosukwa. Watoto waliachiwa uhuru mkubwa, lakini chakula kilibaki jikoni kwa mama. Kila mama aliwaona wote, kwa zamu yake. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Mwanangu ana miaka miwili. Anakaa karibu na wenzake lakini hachezi nao. Ana tatizo?

Hapana. Mwaka 1932 Mildred Parten wa Marekani alichapisha uchunguzi wake wa watoto wa chekechea na kuonyesha jinsi mchezo unavyokua: mtoto huanza kwa kucheza peke yake au kutazama tu, kisha hucheza sambamba na mwenzake, kila mmoja na mchanga wake, kisha huanza kuazimana vitu, na mwishoni wanagawana kazi katika mchezo mmoja: wewe mama, mimi mgonjwa, yule daktari. Wa miaka miwili kukaa kando ya mwenzake na kopo lake ndiko kucheza kwenyewe. Akifika miaka minne au mitano bado hajawahi kuingia katika mchezo wa pamoja ingawa wenzake wapo, hapo mtazame kwa makini, ukianza na kusikia na kuongea.

Mtoto anajifunza nini kwa wenzake asichoweza kukipata kwangu?

Lugha, kwanza kabisa. Waulize wazazi wa Nairobi nani aliwafundisha watoto wao Sheng. Au waulize Waswahili walioko Minneapolis na London: mama anaongea Kiswahili nyumbani kutwa, mtoto anaelewa kila kitu, lakini akifungua mdomo anatoa Kiingereza chenye lafudhi ya watoto wa mtaa ule. Hakuiga lafudhi ya mwalimu wala ya mama.

Ushahidi mkubwa kuliko wote umetoka Nicaragua. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, watoto viziwi wa nchi ile waliishi wametawanyika majumbani, kila mmoja na ishara chache alizobuni na ndugu zake. Mwaka 1977 shule ya elimu maalumu ikafunguliwa Managua, na baada ya mapinduzi ya 1979 watoto wakaongezeka. Walimu walitaka wasome midomo na kujifunza Kihispania, na hawakufanikiwa sana. Lakini uwanjani na ndani ya basi la shule watoto walikuwa wakichanganya ishara zao za nyumbani. Wadogo waliokuja baadaye wakazipokea, wakazinyoosha, wakazipa sarufi. Wataalamu wa isimu walipofika katika miaka ya 1980 walikuta lugha mpya kamili inazaliwa, na waliokuwa wakiizaa ni watoto. Hakuna mtu mzima aliyeifundisha, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyeijua.

Yapo na mengine: kununiana na kupatana bila mkubwa kuingilia, kutunza siri, kujua utani unakomea wapi, kukubali kuwa wewe si kipa mzuri.

Nimesikia kwamba marafiki wana nguvu kuliko mzazi. Ni kweli?

Aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote ni Judith Rich Harris, kwanza katika makala ya 1995 na kisha katika kitabu cha 1998. Alidai kwamba ukiondoa urithi wa damu, kinachomuunda mtoto kwa muda mrefu ni kundi lake na si namna wazazi walivyomlea. Mama huyu hakuwa profesa. Harvard ilikuwa imemwondoa katika masomo ya uzamivu mwaka 1960, kwa barua iliyotiwa saini na profesa wa huko, George Miller. Makala ile ikampatia tuzo ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani inayoitwa kwa jina la George Miller huyohuyo.

Kwa maoni yangu amepatia nusu. Kwenye lugha, mavazi, muziki, mtindo wa nywele na jinsi ya kutembea, usijisumbue, umeshashindwa. Ila nani alichagua mtaa wa kupanga? Nani aliamua mtoto asome shule ipi, aende madrasa au Sunday school ipi, likizo akakae kwa bibi yupi? Kabla kundi halijamfinyanga mtoto, mzazi amechangia kulichagua kundi. Nguvu hiyo ni kubwa mtoto akiwa na miaka 6, na hupungua kila mwaka.

Methali ipi ina ukweli: "Ndege wa mbawa moja huruka pamoja" au "Samaki mmoja akioza wameoza wote"?

Swali zuri, kwa sababu methali hizi zinapingana. Ya kwanza inasema mtoto huwatafuta wanaofanana naye. Ya pili inasema wenzake ndio humbadilisha. Mzazi akigundua mwanawe anavuta sigara hukimbilia ya pili: "marafiki wamemharibu." Na mzazi wa rafiki, nyumba ya tatu, anasema vivyo hivyo.

Mwaka 1978 mtafiti Denise Kandel alitoa matokeo ya kuwafuatilia marafiki wa sekondari katika jimbo la New York, akiwapima mwanzoni na mwishoni mwa mwaka wa shule. Waliovunja urafiki, walioanza urafiki mpya na walioendelea wote walikuwemo. Akakuta mambo yote mawili yanafanya kazi, na kwa uzito unaokaribia kulingana: vijana huchagua wa kufanana nao, kisha wakikaa pamoja wanazidi kufanana.

Na wanazidije kufanana? Hapa kuna utafiti wa Oregon, Marekani, wa miaka ya 1990, wa Thomas Dishion na wenzake. Waliwarekodi kwa video wavulana wa miaka 13 na 14, kila mmoja akizungumza na rafiki yake. Hawakukuta kushurutishana. Walichokiona ni kicheko. Mmoja anasimulia jinsi alivyoiba au kumdanganya mwalimu, mwenzake anacheka, naye anaongeza chumvi. Katika jozi nyingine kicheko kilifuata mambo ya kawaida, na hadithi ya wizi ikapita kimya. Wale ambao kicheko chao kilikwenda kwenye uvunjaji wa sheria ndio walioingia zaidi katika ulevi na uhalifu miaka iliyofuata. Tunawafundisha watoto kusema "hapana" kwa anayewalazimisha, wakati mara nyingi halazimishi mtu.

Kwa nini kijana wangu mwenye akili timamu anakuwa mjinga akiwa na wenzake?

Kwa sababu ya umri. Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio lao mwaka 2005: mchezo wa gari kwenye kompyuta, taa ya njano inawaka, uamue kusimama au kuendelea ujipatie pointi huku ukihatarisha ajali. Wachezaji walikuwa wa miaka 13 hadi 16, 18 hadi 22, na 24 kwenda juu. Walipocheza peke yao, makundi hayakutofautiana sana. Walipocheza wakiwa na wenzao wawili, watu wazima hawakubadilika, wa katikati walijihatarisha zaidi, na wadogo wakazidi kabisa.

Maana yake kwa mzazi wa huku ni nyepesi. Kijana wa miaka 15 akiwa peke yake nyuma ya bodaboda anaweza kumwambia dereva apunguze mwendo. Wakiwa mshikaki wa watatu, atapiga kelele waongeze. Kumhutubia sebuleni kunamfikia yule mwenye akili. Kwa yule mwingine, kinachosaidia ni kupanga mambo kabla: nani anawarudisha usiku, na kwa chombo gani.

Nimkataze kucheza na rafiki mbaya?

Kwa mtoto wa miaka 7, unaweza, ukimpa mwenzake wa kuziba nafasi. Kwa wa miaka 15, kumkataza mtu kwa jina mara nyingi kunaupeleka urafiki gizani, na sasa hujui tena wanakutana wapi.

Rudi kwa akina mama wa Rungwe. Kundi likila kwako unaliona. Pika ubwabwa kidogo zaidi Jumamosi, waache wakae barazani, ujue majina yao na ya mama zao. Hili linasumbua na lina gharama, sikatai, hasa kwa anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku. Basi walau awe na namba ya simu ya mzazi mmoja wa kundi hilo. Kataza mahali na saa kuliko kukataza mtu: si kwenye kibanda cha kamari, si baada ya magharibi. Na sema ulichokiona, usiseme mtoto wa watu yukoje. "Jana mlimcheka yule mzee" kunaingia. "Yule ni mhuni" kunazaa utetezi, na akishamtetea amejifunga naye zaidi.

Kama kuna wizi, dawa za kulevya au mtu mzima anayewatumia watoto, hapo mkatishe mara moja, hata kwa kumhamisha. Huko hakuna mjadala.

Nimpeleke kambi ya kunyoosha tabia?

Uliza kwanza atakutana na nani huko. Huko Massachusetts, kati ya 1939 na 1945, mradi wa Cambridge-Somerville uliwapa wavulana washauri, msaada wa masomo na kambi za likizo, na kuwaacha wengine waliofanana nao bila msaada ili walinganishwe. Mtafiti Joan McCord aliwafuatilia miaka 30 baadaye na kukuta waliosaidiwa wana hali mbaya zaidi: uhalifu, ulevi, maradhi. Uchambuzi wa baadaye ulioneshea kidole kambi za likizo, hasa kwa waliopelekwa zaidi ya mara moja. Ukiwakusanya wakorofi kumi mahali pamoja umewapa hadhira, na kile kicheko cha Oregon kinapata ukumbi. Timu ya mpira ya kawaida, kwaya au skauti, ambako mkorofi ni mmoja kati ya watulivu ishirini, ina faida zaidi.

Bweni kwa mtoto mdogo linamjengea kujitegemea?

Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilizuia bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, na nadhani ilifanya vizuri. Wadogo wasio na mtu mzima wao wa karibu hujishikiza wao kwa wao. Mtaalamu wa saikolojia ya watoto Anna Freud alieleza habari za watoto sita, wa umri wa miaka mitatu hivi, waliotolewa kambi ya Wanazi ya Terezín na kuletwa Uingereza mwaka 1945, wazazi wao wakiwa wamekufa. Walipendana kupita ndugu. Hawakula mpaka wenzao wamepata, hawakukubali kutenganishwa hata kidogo. Lakini watoto hao waliwapiga watu wazima, wakawang'ata, wakawatemea mate. Hali yao ilikuwa ya kupindukia, haifanani na bweni lolote, lakini inaonyesha kwamba wenzake wanaweza kumshika mtoto asianguke, na kwamba hilo peke yake halitoshi.

Tunaishi geti kali. Atapata wapi wenzake?

Mtoto wa geti kali ana wenzake wa shule, lakini wote ni wa umri mmoja na wote wako chini ya filimbi ya mwalimu. Anachokosa ni kundi la uswahilini, ambako wa miaka 12 amebeba mdogo mgongoni huku akihesabu kwenye kombolela. Katika kundi la umri mchanganyiko, mkubwa hujifunza kupunguza nguvu, na mdogo huona kesho yake. Huko Oyugis, Kenya, mtafiti Carol Ember alikuta wavulana wa Kijaluo waliopewa kazi za nyumbani za wasichana, kwa kuwa dada hawakuwepo, walikuwa na ubinafsi na ukorofi mdogo kuliko wenzao. Kwa hiyo binamu wa likizo, mtoto wa jirani na safari ya kwa bibi si anasa. Na kuosha vyombo pia, kijana wa kiume.

Amehamia shule mpya na hapati marafiki. Nimwambie nini?

Usimwambie "nenda ukajitambulishe". Martha Putallaz na John Gottman, katika utafiti wa 1981, walitazama jinsi watoto wanavyoingia katika mchezo ulioanza. Waliokataliwa ni wale waliouliza maswali mengi, waliojisifu au waliotaka mchezo ubadilike. Waliopokelewa walisimama pembeni kwanza, wakaelewa kinachochezwa, kisha wakafanya kitu kinachoingia humohumo: kuokota mpira uliotoka, kuhesabu pointi. Mfundishe hivyo.

Pia tofautisha aliyesahaulika na aliyekataliwa. Ukiwauliza watoto wa darasa wanampenda nani na hawamtaki nani, wapo wasiotajwa kabisa. Wengi wao ni wapole tu na wako salama. Wanaotajwa na wengi kwamba hawatakiwi ndio wa kuhangaikia, kwa sababu kukataliwa huko kunaweza kudumu miaka na kuharibu masomo. Na mtoto hahitaji kundi kubwa. Rafiki mmoja wa kweli humkinga mtoto anayeonewa kuliko umaarufu.

Anaonewa. Nimfundishe kurudisha ngumi?

Ngumi zina mambo mawili: atashindwa, au ataadhibiwa yeye. Christina Salmivalli wa Finland alionyesha mwaka 1996 kwamba uonevu una waigizaji wengi: mwonevu, wasaidizi wake, wanaocheka, wanaopita kama hawakuona, na wachache wanaotetea. Mpango wa shule wa nchi hiyo, KiVa, umejengwa juu ya hao wanaotazama. Kwa hiyo nenda kwa mwalimu wa darasa na swali hili: nani huwa amesimama pale? Watazamaji wawili wakihamia upande wa mwanao, mbabe hana tena watu wa kumfurahisha.

Wavulana na wasichana wametengana kabisa. Kawaida?

Kawaida. Huanza mapema, kwenye miaka mitatu, huzidi shule ya msingi, hulegea kwenye balehe.

Na makundi ya WhatsApp?

Ni kundi lilelile, ila halifungi saa kumi na mbili jioni na aibu yake hupigwa picha. Mitandao mingi mikubwa imeweka umri wa chini kuwa miaka 13. Simu ilale sebuleni, ya kwako pia.

Lini nitafute msaada?

Akiacha ghafla marafiki wote wa zamani, akianza kuumwa tumbo kila Jumapili usiku, akirudi na vitu au fedha asizoweza kueleza, akiwa na "rafiki" aliyemzidi umri kwa miaka mingi, au akisema bora asingezaliwa. Anza na mwalimu wa malezi au ofisi ya ustawi wa jamii. Tanzania na Kenya, namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haitozi, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.